Kitabu Ambamo Hafi Mtu

Voisi ilikuwa ya dakika nne, na moja nzima ya mwanzo ni kuku. Nyumba ya kaka yangu kule Wete, Pemba, haina pahala pa kusemea siri isipokuwa uani, na uani ni kwa kuku, kwa hiyo mtoto akiwa na jambo lake hunieleza pamoja nao.

"Shangazi, shikamoo. Mtihani umekwisha. Nataka kitabu."

Nikafurahi. Shangazi gani asiyefurahi? Kisha yakaja masharti. Kiwe hadithi ya kuchekesha. Kiwe cha siku hizi, watu wawe na simu. Wawe rika lake, miaka kumi na tano, kumi na sita. Pasiwe na msichana anayepata mimba akatolewa skuli. Pasiwe na baba mlevi. Pasiwe na maradhi. "Na kubwa kuliko yote, Shangazi, asife mtu. Hata paka."

Nilicheka peke yangu pale mapokezi ya hoteli ninapofanya kazi mpaka mgeni aliyekuwa akingoja ufunguo akacheka na yeye, bila ya kujua kinachochekwa.

Lakini ukikaa kitako ukafikiri, mtoto ana haki. Hadithi alizosomeshwa zote zina maiti. Nami nilipokuwa dakhalia, skuli ya bweni, riwaya ilikuwa kitu cha kujibia maswali: taja dhamira tatu, toa hoja sita, kila hoja na mfano wake. Vifo vilitufaa sana kwenye mitihani, kwa sababu kifo kimoja kizuri kinatoa hoja mbili, ya umasikini na ya malezi. Kicheko hakina maksi. Wachapishaji wetu nao wanaishi kwa vitabu vinavyoingia kwenye mtaala, na mwalimu anayechagua anatafuta funzo. Mtu akiandika kisa cha wasichana watatu wanaogombea simu moja usiku mzima, atapewa fomu ngapi?

Nikamwambia, nipe wiki moja. Hiyo ilikuwa Disemba.

Jumamosi nikaenda Darajani, sokoni hapa mjini Unguja. Duka la kwanza lina madaftari, misahafu, na vitabu vya maswali na majibu. Nikasema nataka riwaya ya vijana, ya kuchekesha. Muuzaji, kijana mstaarabu tu, akaniuliza: "Ya fomu ngapi?" Nikamwambia si ya skuli, ya kusoma. Akanitazama kama niliyemwambia nataka panadoli ya furaha. Duka la pili walinitolea vichekesho vya Abunuwasi, kijitabu chembamba. Abunuwasi nampenda, lakini Abunuwasi hana simu. Maktaba ya Maisara kuna utulivu na kuna hadithi nyingi za watoto wadogo, sungura na fisi, halafu ghafla unaruka hadi vitabu vya watu wazima. Baina ya sungura na ndoa hakuna kitu. Mtoto wa miaka kumi na tano amekaa katikati hapo, amekosa rafu.

Nilikuta pia hadithi moja ya Kiingereza iliyoandikwa na Mtanzania, katika zile zilizoshindania Tuzo ya Burt, tuzo ya vitabu vya vijana ambayo washindi wake walichapishwa wakagaiwa maskuli na maktaba. Nikaisoma palepale kurasa arobaini. Nzuri, inakwenda mbio, na ukurasa wa arobaini na moja bibi akafa. Nikairudisha.

Msinambie kuhusu simulizi za kwenye simu. Anazisoma, sehemu ya thelathini na saba, ikifika penye utamu itaendelea, na ukitaka yote ulipie. Humo hafi mtu mmoja, wanakufa wengi, na baadhi yao hurudi wakiwa majini.

Ndipo nilipokumbuka kwamba kicheko tunacho, tena chetu khasa. Katika kabati la vyombo kule Wete, nyuma ya mabakuli ya Idi, kuna nakala ya marehemu baba ya *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, riwaya iliyotoka 1960. Bwana Msa na kiko chake, na pembeni yake Najum, ambaye kila mara anadhani kashafahamu kumbe hajafahamu. Nikamwambia mtoto, kitafute, utacheka. Siku mbili kimya. Kisha meseji:

"Shangazi, huyu mzee anachekesha kweli. Lakini mtu kashauawa."

Nikamjibu kwamba ni hadithi ya upelelezi, lazima afe mmoja ndiyo wenzake wapate kazi. Akajibu: "Nilisema asife mtu." Akaendelea kukisoma, nina hakika, kwa sababu wiki ile nzima alikuwa akinita Najum kila nikikosea jambo. Lakini kama jawabu la ombi lake, hakikuhesabika.

Basi nikageukia rafu ya ngazini.

Nafanya kazi katika hoteli ndogo ya Shangani, nyumba ya kale, vyumba kumi na moja, ngazi zake mtu akizipanda na begi hufika juu akiwa ameshatubu. Chini ya ngazi kuna rafu ambayo wageni huacha vitabu walivyomaliza. Hakuna aliyewaambia waache, wala hakuna anayewazuia kuchukua. Vyote vina harufu moja, ya unyevu na mafuta ya kujipaka jua. Ukikikung'uta kimoja unatoka mchanga wa Paje. Ndani utakuta tiketi ya boti ya Dar, au risiti ya mkahawa, na siku moja unyoya wa kunguru uliokuwa umetiwa kwa adabu kabisa kama alama.

Nilivihesabu jioni moja: sitini na nne. Kijerumani kumi na tisa, Kitaliano tisa, Kifaransa saba, vyengine lugha nisizozijua, vilivyobaki Kiingereza. Na katika vya Kiingereza, takriban vyote mauaji. Watu wanakaa kwenye ndege kwa muda wa saa kumi, wanakuja kulala chini ya mnazi, wanasoma mtu anavyochinjwa kwenye theluji.

Hapo nikajifunza kusoma majalada kama dalali anavyosoma nyumba. Msichana amekupa mgongo, mbele yake bahari au shamba la ngano, rangi ya kijivu: mtu anakufa. Jani moja linaanguka: mtu anakufa polepole. Kibandiko cha duara cha tuzo, cha dhahabu: mtu anakufa na walimu wanafurahi. Lakini rangi ya waridi, manjano au kijani cha embe bichi, watu wamechorwa kama katuni, mmoja anamtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni, maandishi kama ya mkono: hapo pana matumaini. Si kanuni ya msahafu. Mimi imenifaa mara nyingi kuliko kunidanganya.

Cha kwanza nilichokipenda hata hivyo hakikuwa na jalada kabisa, lilikuwa limeng'oka. Ni ile shajara ya Adrian Mole aliyoandika Sue Townsend, ilitoka Uingereza 1982. Mtoto wa miaka kumi na tatu na robo tatu, mji wa Leicester, ana chunusi, ana mapenzi na msichana wa darasani, na amejiamini kwamba yeye ni msomi mkubwa ambaye dunia haijamgundua. Anapeleka mashairi yake BBC. Wazazi wake wanaachana mbele ya macho yake, wasomaji sote tunaona, yeye yuko kwenye chunusi yake. Nilikisoma zamu ya usiku mzima na nikamsahau mgeni aliyetaka kuamshwa saa kumi na moja kwa ajili ya boti. (Aliamka mwenyewe. Alhamdulillahi.)

Na hapo ndipo nilipolishika jambo nililokuwa nalitafuta bila ya kulijua jina. Adrian na Najum ni watu wa mtaa mmoja. Anayejiona kafahamu ndiye anayechekwa, na yeye hana habari. Vile vitabu vinavyojitangaza nyuma kwamba utavunjika mbavu, msimulizi wake anajua kwamba anachekesha, kila sentensi anakukonyeza, na ukifika sura ya tatu umechoka kama umekaa na mtu anayejicheka mwenyewe harusini. Nikaacha kutafuta vitabu vya kuchekesha. Nikaanza kutafuta msimulizi anayejiona, asiyejua kwamba anachekwa.

Adrian mwenyewe sikumpeleka Wete mwanzo. 1982 hapana simu ya mkononi, na mzaha mwingi ni wa siasa za Uingereza za wakati wa Thatcher. Mtoto angeniuliza maswali mpaka kicheko kikauke.

Nilihitaji kipimo, na kipimo nilikuwa nacho chini, chumba cha nyuma, kwenye mvuke. Tunamwita Mama wa Londri, sote, hata meneja. Ana miaka hamsini na kitu, Kiingereza chake ni good morning na no starch, na ana sikio la hadithi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Saa nane hadi saa tisa mchana hoteli hulala. Mimi nakaa juu ya tenga la mataulo, yeye anapiga pasi shuka, namfasiria kurasa mbili tatu. Akiguna tu, kitabu kinarudi ngazini. Akicheka, kinaingia kwenye mfuko wa Wete.

Cha mwanzo kilikuwa *The Princess Diaries* cha Meg Cabot, 2000, yule msichana wa New York anayeambiwa na baba yake kwamba yeye ni binti mfalme wa kijinchi cha Ulaya, naye anaona dunia imemwisha. Nilidhani kitapita bila ya taabu. Mama wa Londri akasikiliza, akageuza shuka upande wa pili.

"Sasa analia nini?"

"Hataki ubinti mfalme."

"Kwa nini?"

"Anaona haya skuli."

"Hapa Sultani kaondoshwa 1964 hakutaka kuondoka. Huyu ufalme umemfuata mpaka Marekani, haya anaona yeye." Akanyunyiza maji. "Lete chengine."

Cha pili *To All the Boys I've Loved Before* cha Jenny Han, cha 2014, ambacho baadaye kilifanywa filamu. Msichana ameandika barua tano kwa wavulana watano aliowapenda, za kujipoza roho tu, kazifungia kwenye kasha la kofia. Siku moja barua zinatumwa. Zote. Kwa wenyewe. Hapa Mama wa Londri aliweka mkono kifuani akasema "Lahaula!" kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Lakini tulivyokwenda mbele nikaanza kuzama. Kabati la skuli, kila mwanafunzi na lake kwenye korido. Mtoto wa miaka kumi na sita anaendesha gari ya nyumbani. Safari ya skuli milimani kwenye theluji, wavulana na wasichana, na wazazi wametia saini. Kila kicheko kilinigharimu maelezo ya dakika tatu, na kikimfikia kimeshapoa kama chapati ya jana. Halafu kuna suala la mama. Mama wa msichana amekufa. Nikampigia mtoto kumuuliza rasmi: mama alikufa zamani, kabla ya ukurasa wa kwanza, anahesabika?

Akafikiri. Kuku wakafikiri.

"Analiliwa?"

"Kidogo. Anakumbukwa."

"Basi anapita. Lakini niletee na chengine, kama hicho hakitoshi."

Kwa hiyo hicho kiliingia kwenye mfuko.

Rafu ikanikaukia Januari. Wageni wakaendelea kuacha mauaji. Nikaanza kushusha sampuli kwenye simu, kwa sababu programu ya Kindle inakupa sura za mwanzo bure, na sura za mwanzo ndizo zinazotosha kujua kama msimulizi anajiona au anakukonyeza tu. Yeyote mwenye bando na subira anaweza. Nilisoma mianzo kama ishirini hivi bila ya kununua hata kimoja, naomba radhi. Na usiku mmoja nikakutana na kile cha Sandhya Menon, cha 2017, *When Dimple Met Rishi*. Nikamwandikia mgeni wetu mmoja anayerudi kila mwaka, mwalimu mstaafu, nikamwambia ukija safari hii usituletee chokoleti. Akaja nacho.

Sasa sikilizeni. Dimple na Rishi ni watoto wa Kihindi waliozaliwa Marekani. Wazee wa pande mbili wameshazungumza, wamekubaliana, wameona watoto wanafaana. Kijana ameambiwa, na ameridhia, ana adabu zake, anaamini mambo ya wazee. Msichana hakuambiwa. Yeye anajua anakwenda kusoma kompyuta wakati wa likizo. Siku ya kwanza, kijana anamwona, moyo umemjaa, anamwendea kwa tabasamu anamsalimia kama mke wake mtarajiwa. Msichana ana gilasi ya kahawa ya barafu mkononi.

Nilipofika anapommwagia kahawa na kukimbia, Mama wa Londri alizima pasi.

Miaka sita nimefanya kazi naye. Sijapata kumwona akizima pasi shuka zikiwa hazijaisha.

"Kosa la nani hilo?" akaniuliza, kwa hasira kabisa. "La wazee! Wamemwambia mmoja! Posa unamwambia mmoja?" Akavuta ndoo akaikalia. Kisha akanyamaza kidogo, akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia. "Mimi," akasema, "mimi nilimmwagia maji ya samaki."

"Nani?"

"Baba watoto. Alikuja na mjomba wake, sikuambiwa. Niko uani napara changu. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema asalamu alaikumu kwa sauti ya kujipendekeza. Nikageuka na beseni." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Si makusudi." Akafikiri. "Nusu makusudi."

Kwa kitabu hiki sikueleza kitu. Mama anayempigia mwanawe simu kumuuliza mbona hajipambi, shangazi wanaochunguza, kijana anayejua wajibu wake mpaka anaudhi: vyote vilikuwa vimeshakaa kitako mle chumbani kabla sijafungua mdomo. Na katika saa zile za mvuke niliona wivu, nakiri. Kwa nini hiki sikukikuta Darajani kwa Kiswahili? Mahari, mshenga, mjomba anayekula pilau ya posa tatu kwa mwezi mmoja, msichana wa Chake ambaye anataka tu kumaliza diploma yake, kijana wa Mkoani aliyeambiwa. Sisi ambao hatuwezi kununua tungule bila ya kijembe, ambao kanga zetu zinatukana jirani kwa herufi kubwa, tukishika kalamu tunavaa kanzu ya msiba. Nani alituambia kitabu ni matanga?

Tatizo moja. Mbele, Dimple na Rishi wanafika mahali ambapo mimi, kama shangazi, sikuwa tayari kupeleka Wete na jina langu juu yake. Kurasa chache tu. Kuzichana sikuweza, kitabu ni kitabu. Nikachukua stepla ya mapokezi, nikazibana pembeni, pini sita, nikaandika kwa penseli: *Ruka. Hakuna kinachokupita.*

Mfuko ulivuka Februari. Nilimpa jirani aliyekuwa anapanda meli pale Malindi: vitabu viwili, dawa ya kaka ya presha, mkate wa ufuta uliofungwa kwa gazeti. Meli hadi Mkoani, gari hadi Chake, gari nyengine hadi Wete. Siku tatu baadaye ikaja voisi ya sekunde tisa, yote kicheko, na nyuma yake sauti ya wifi yangu: "Wee, una nini?"

Nikajiona nimemaliza kazi. Sikumfikiria Mama wa Londri.

"Yule wa kahawa," akaniuliza Jumatatu, "kashaolewa?"

"Kitabu nimekipeleka Pemba, mama."

Alinitazama kama niliyemwambia nimeuza pasi yake. Tulikuwa tumefika sura ya nne.

Basi ndivyo ilivyokuja kuwa, saa nane mchana, siku ambazo mtoto hana chuo, simu yangu inasimamishwa juu ya rundo la foronya, spika imefunguliwa, na kutoka uani kwa kaka yangu anasomewa Mama wa Londri. Mtoto ameshakimaliza mara moja, anakirudia kwa ajili yake, anafasiri palepale. Mwanzo alikuwa anasitasita, sasa anampa kila mtu sauti yake, na mama yake Dimple anamsemesha kama wifi yangu, jambo ambalo wifi yangu bado hajalijua. Mama wa Londri anaingilia, anagombana na wazee, anamwambia kijana asimame wima.

Alhamisi iliyopita tukafika mbali. Mtoto anasoma vizuri, mara akasita.

"Hapa Shangazi kapiga stepla."

Pasi ikasimama. Mama wa Londri akanigeukia taratibu.

"Kurasa ngapi?" akaiuliza simu.

"Nne."

"Na wewe hujazisoma?"

Kwa muda zikasikika sauti za kuku tu.

"Haya," akasema Mama wa Londri, akaishika pasi. "Anzia zinapoishia." Kisha akaniinamia, chini chini, simu isisikie: "Wewe si ulizisoma kabla ya kuzibana? Saa tisa hiyo inakuja. Utanihadithia."